Keria Kwanza: Historia ya Baiskeli Kuukuu Mjini Dodoma

Mbigili hutambaa. Mvua za Desemba na Januari zikishuka Dodoma, mmea huo hutandaza vijitawi vyake juu ya mchanga wa kando ya barabara na kutoa maua madogo ya njano ambayo wapita njia hawana haja nayo. Ifikapo Juni umekauka, na mbegu zake zimelala vumbini, kila moja na pembe zake kali, na vyovyote ilivyoanguka haikosi pembe moja iliyoelekea juu. Mvua za nyanda za kati ni chache, kama milimita 570 kwa mwaka, na kiangazi ni kirefu, kwa hiyo msimu wa pancha nao ni mrefu. Mbigili na miiba ya migunga imewalisha mafundi baiskeli wa mji huu kizazi baada ya kizazi.

Kijiwe cha fundi hakihitaji jengo. Kivuli cha mwarobaini kinatosha, pamoja na dumu lililokatwa katikati na kutiwa maji, ambayo kufikia adhuhuri yamekuwa meusi. Tyubu hujazwa upepo, huzamishwa kipande kwa kipande, na mapovu huonyesha tundu lilipo. Fundi hukwangua kwa msasa, hupaka solusheni, huiacha ikauke kidogo, hubandika kiraka, kisha hupitisha vidole polepole ndani ya tairi zima, maana mwiba ukisahaulika humo atamwona mteja yuleyule kabla jua halijazama.

Kuziba pancha, hata hivyo, ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ya vijiwe hivi imekuwa kuifumua baiskeli iliyoundwa kwa ajili ya nchi nyingine na kuiunda upya iwe ya Dodoma. Imekuja baiskeli ya Kiingereza, ya Kihindi, ya Kichina, ya Kijapani. Kila moja imepitia mikononi mwa fundi kabla ya kuanza maisha yake hapa. Na anayefuatilia mabadiliko hayo atagundua kwamba kwa miaka mingi fundi hakujishughulisha na kiti wala usukani. Alianzia nyuma, kwenye keria.

Ili kuelewa kwa nini, yafaa kurudi kwenye uzito wa mizigo. Kabla ya reli, njia kuu ya misafara kutoka pwani ilikatiza Ugogo. Wapagazi walivuka Marenga Mkali, eneo lisilo na maji, ndipo wakaingia kwenye himaya za watemi wa Kigogo waliotoza hongo kwa ajili ya njia na maji. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu frasila 2, yaani takriban kilo 32, kichwani au begani, kwa miezi. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa ghafla kabisa pembe za ndovu na marobota ya nguo yakaacha vichwa vya watu. Lakini reli ni mstari mmoja. Kutoka stesheni hadi Mvumi, Hombolo au Kongwa, mzigo ulirudi palepale ulipokuwa, kichwani mwa mtu. Na njaa ilipoingia, kama ile ya Mtunya iliyoiangamiza Ugogo kati ya 1917 na 1920, watu walikwenda kuhemea kwa miguu, wakirudi na kile tu walichoweza kubeba.

Baiskeli iliingia kwenye pengo hilo, kati ya stesheni na kijiji.

Makarani, walimu na makatekista walikuwa miongoni mwa wenye baiskeli wa mwanzo, na maduka ya Wahindi kando ya reli ndiyo yaliyoziuza. Katika miaka ya ukoloni wa Mwingereza, jina lililotawala lilikuwa Raleigh, kampuni ya mjini Nottingham, na mtindo uliotawala ulikuwa ule wa baiskeli nzito ya barabarani: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki zinazovutwa kwa vyuma badala ya waya, uzito wa karibu kilo 20. Vijana wa leo huitazama kama kitu cha makumbusho. Waitazame tena. Pembe za fremu ile zimelala, foku yake imejipinda kwenda mbele, na gurudumu likigonga jiwe, chuma hunepa kidogo kabla pigo halijafika kwenye kiganja. Usukani unarudi nyuma kuelekea kwa mpandaji, naye hukaa wima, kifua mbele, akiona njia yote. Kiti cha ngozi kimekaa juu ya springi. Madigadi yanafunika magurudumu yote mawili, na kwenye nyingi mnyororo nao ulifunikwa usimchafue karani suruali yake.

Kwa maneno mengine, ile ilikuwa tayari baiskeli ya starehe. Huko Ulaya na Marekani, mtu anayetaka kuigeuza baiskeli ya zamani iwe ya kutembelea mjini huanza na mgongo wake mwenyewe: hununua kiti kipana, huinua usukani, huongeza madigadi. Fundi wa Dodoma hakuwa na sababu ya kuanzia hapo, kwa kuwa hayo yote yalikuja na baiskeli. Kilichokosekana ni nguvu ya nyuma. Keria ya kiwandani ilitengenezwa kwa ajili ya mkoba wa karani, nayo gunia la uwele halikuwa mkoba.

Hivyo keria ikang'olewa na nyingine ikatengenezwa. Kwa miaka mingi ufundi huu umekuwa na kanuni zake, zinazojulikana na kila mchomeleaji hata kama hazikuandikwa popote. Nondo hukunjwa na kuchomelewa kuwa fremu pana, miguu yake ikashikizwa kwenye ekseli ya nyuma ili uzito ushuke kwenye gurudumu badala ya kuning'inia kwenye bomba jembamba chini ya kiti. Stendi ya mguu mmoja hutolewa, ikawekwa ya miguu miwili, pana, inayoweza kuisimamisha baiskeli wakati gunia linapandishwa. Mbele, vyuma viwili huteremshwa kutoka shingo ya usukani hadi ekseli, kuisaidia foku isikatike mzigo ukisukuma kwenye mteremko. Habu hufunguliwa, gololi huoshwa kwa mafuta ya taa, grisi mpya hutiwa. Mwisho kabisa huja ringi: fundi huipindua baiskeli, huzungusha gurudumu, hukaza spoki hii na kulegeza ile, jicho likiwa kwenye nafasi kati ya ringi na breki, mpaka mtikisiko uishe.

Baada ya hapo, mtu mmoja aliweza kusogeza mara tatu ya mzigo wa mpagazi, akipanda panapowezekana na kusukuma pasipowezekana. Upande wa Singida, keria ilivikwa matenga ya kuku wa kienyeji waliopelekwa barabara kuu na kwenye stesheni. Dodoma yenyewe ilipata wauza maji. Mji huu umekuwa na kiu tangu ulipoanza. Visima vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, ndivyo vilivyouwezesha kuishi, lakini mabomba hayakufika kila mtaa wala hayakutoa maji kila siku. Muuza maji alihitaji kubeba madumu 5 au 6 ya lita 20, yaani kilo 100 hadi 120. Mafundi waligundua kwamba madumu yakipangwa juu, baiskeli hulewa. Wakachomelea mabawa ya chuma pande zote mbili za gurudumu, madumu yakashuka karibu na ekseli, na baiskeli ikatulia. Hakuna mhandisi aliyewachorea mabawa hayo.

Kisha alikuwapo abiria. Hapa ndipo neno starehe linapopata maana yake ya nyanda za kati. Juu ya nondo liliwekwa ubao, juu ya ubao sponji, juu ya sponji reksini iliyoshonwa na mara nyingi kupambwa kwa misumari ya vichwa vyenye kung'aa. Vyuma vya kukanyagia vilichomelewa chini, kwa sababu mguu unaoning'inia huingia kwenye spoki, na kisigino cha mtoto kilichokatwa na spoki ni jeraha linalojulikana vizuri hospitalini. Wanawake waliokaa upande, khanga zikiwa zimebanwa magotini, walihitaji keria iwe pana kuliko ya mwanamume anayekaa kwa kutanua miguu. Magharibi na kaskazini mwa nyanda hizi, Tabora na hasa Shinyanga, keria zenye matakia zilizaa biashara kamili, na wenyeji wakaziita baiskeli hizo daladala, jina lilelile la mabasi madogo. Huko kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, eneo la Busia, biashara kama hiyo ilikuwa imeanza katika miaka ya 1960 na kuzaa neno ambalo baadaye lingehamia kwenye pikipiki za Afrika Mashariki nzima: bodaboda.

Uhuru haukubadilisha keria, ila ulibadilisha umbali. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 iliwakusanya Wagogo waliokuwa wametawanyika kwenye makazi yao ya tembe na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Shule na zahanati zikasogea karibu. Mashamba na malisho, kwa wengi, yakabaki mbali. Familia iliyokuwa ikilima hatua chache kutoka mlangoni sasa ilitembea saa nzima au zaidi kwenda na kurudi na mavuno. Mwenye baiskeli alikuwa na unafuu ambao jirani yake hakuwa nao.

Na baiskeli zenyewe zilianza kuongea lugha nyingine. Ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, uliendana na mkataba ambao sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa bidhaa za China zilizouzwa Tanzania na Zambia, na katika miaka hiyo na iliyofuata Phoenix ya Shanghai ikawa baiskeli ya mkulima. Kutoka India zilikuja Hero na Avon, zote za mjini Ludhiana. Tanzania nayo ilikuwa na yake, Swala, iliyotengenezwa na kampuni ya umma ya NABICO. Kwa fundi, tofauti zilikuwa ndogo kuliko majina. Wachina na Wahindi walikuwa wamefuata umbo lilelile la Kiingereza, magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma, hivyo kipuri cha moja kiliingia kwenye nyingine. Baiskeli moja ya Dodoma iliweza kuwa na fremu ya Raleigh, usukani wa Phoenix na ringi ya Hero, na mwenyewe akaiita kwa jina la fremu.

Bahati hiyo ya vipuri kuingiliana ndiyo iliyowavusha mafundi katika miaka migumu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka, maduka yakawa matupu, na tairi la baiskeli likawa kitu cha kuulizia kwa kunong'ona. Tairi lililopasuka lilishonwa kwa uzi mnene. Kipande cha tairi la zamani kiliwekwa ndani kuziba mpasuko. Tyubu moja ilibeba viraka mpaka viraka vikagusana. Breki zilipoisha, mpandaji alisimamisha gurudumu kwa unyayo wa katambuga, kiatu ambacho chenyewe kilikuwa tairi la gari. Ni katika miaka hiyo ufundi wa kuunda upya ulipokomaa, kwa sababu hapakuwa na njia ya pili.

Sehemu inayosikitisha zaidi ya historia hii ilikuwa imeandikwa miaka michache kabla, kwa ajili ya mji huohuo, kwenye karatasi nzuri. Oktoba 1973 TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma. Mwezi huohuo vita vya Mashariki ya Kati vilipandisha bei ya mafuta duniani, na nchi isiyochimba mafuta ikatikiswa. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ilianzishwa, na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ikapewa kazi ya kuandaa mpango mkuu, uliotoka mwaka 1976. Ulikuwa mpango wa kipekee. Badala ya mji mkuu wa majumba ya kifahari na barabara pana za magari, wapangaji walichora jumuiya zilizounganishwa na njia za mabasi, na ndani yake njia za watembea kwa miguu na waendesha baiskeli zilizotengwa na magari. Mtu aende sokoni, shuleni na kazini bila kumwogopa dereva. Kwa nchi ambayo baadaye ililazimika kupiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana ili kuokoa petroli, huo ulikuwa mpango wenye akili.

Waliochora njia walikuwa Toronto; waliounda baiskeli walikuwa chini ya miarobaini ya Dodoma. Kazi zao zilikuwa nusu mbili za kitu kimoja, na nusu hizo hazikukutana. Fedha hazikutosha, wizara zikabaki Dar es Salaam kwa miongo minne, na njia nyingi zilizochorwa hazikujengwa kama zilivyochorwa. Serikali ilipohamia kwa kishindo kuanzia mwaka 2016, iliujia mji ikiwa ndani ya magari. CDA ilivunjwa mwaka 2017, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na sensa ya 2022 ikahesabu watu zaidi ya 765,000 katika jiji lililokuwa na takriban 411,000 miaka 10 kabla. Lami imefika mitaa ambayo zamani ilikuwa mchanga mtupu, na hilo ni jema kwa matairi. Lakini mwendesha baiskeli hana chake kwenye lami hiyo zaidi ya ukingo, nao ukingo anaugombania na bodaboda, bajaji na miguu ya watu. Kosa hilo linaweza kurekebishwa bado, maana jiji lingali linajengwa.

Wakati huohuo, baiskeli yenyewe imegeuka tena, na safari hii imempa fundi tatizo jipya. Biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, zilianza kuja za mtumba. Makontena hushushwa Dar es Salaam yakiwa yamesheheni baiskeli zilizobanwa kama dagaa, usukani umegeuzwa pembeni, pedeli zimetolewa. Miongoni mwake zimo za Kijapani zinazopendwa kuliko zote: fremu iliyoinama katikati ili mtu wa sketi apande bila taabu, kikapu mbele, taa ya dainamo, kufuli kwenye gurudumu la nyuma. Katika miji ya Japani, halmashauri huzoa baiskeli zilizotelekezwa karibu na stesheni, na baadhi ya zilizozolewa huishia kuuzwa ng'ambo. Hizi hazina shida kubwa. Kikapu chake hubeba mboga, na keria ikiongezewa nondo hubeba mtoto.

Shida ipo kwenye baiskeli za gia, zile za umbo la milimani zinazouzwa kwa bei nafuu, mpya na kuukuu. Zina magurudumu ya inchi 26, usukani ulionyooka kama fimbo, na mpandaji wake huinama kana kwamba anakimbizwa. Hazina keria, hazina madigadi, hazina stendi. Gia zake huteseka katika vumbi la Dodoma: mchanga huingia kwenye vigurudumu vidogo, waya hukaza, mnyororo huruka. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, fundi wa hapa analazimika kuanzia pale wanapoanzia wenzake wa Ulaya, kwenye mgongo wa mpandaji.

Anachofanya kinafaa kutazamwa. Gia hutolewa zote. Friwili ya meno mengi hubadilishwa na ya duara moja, mnyororo hukatwa pingili kadhaa na kukazwa upya, na baiskeli inarudi kwenye mwendo mmoja ambao vumbi haliwezi kuuharibu. Dodoma mjini ni tambarare kwa sehemu kubwa, licha ya vilima vya Mlimwa na Imagi, kwa hiyo mwendo mmoja unatosha. Usukani ulionyooka hung'olewa, na mahali pake hukaa uliopinda wa Phoenix iliyokufa, umeinuliwa juu kadiri shingo inavyoruhusu. Kiti chembamba hutupwa, kikaja kipana chenye springi na kifuniko cha sponji. Madigadi ya bati hukatwa na kukunjwa yakae juu ya tairi nene. Na baada ya yote hayo, nondo, stendi ya miguu miwili, ubao, sponji, reksini. Kwa saa chache za kazi na gharama iliyo ndogo mbele ya bei ya pikipiki yoyote, kijana anaondoka na umbo ambalo babu yake angelitambua mara moja.

Pikipiki zimechukua abiria wengi, hilo halipingiki. Tangu bodaboda ziliporuhusiwa rasmi kwa kanuni za mwaka 2010, takia la keria limepoteza wateja hata Shinyanga. Wengine hawakuhama. Wanoa visu bado huisimamisha baiskeli yao kwenye stendi na kupiga pedeli papo hapo, jiwe la kunolea likizunguka mbele ya usukani. Wauza mkaa bado huingia mjini alfajiri kutoka vijijini, magunia yakiwa yamezidi urefu wa vichwa vyao, wakitembea ubavuni mwa baiskeli huku mkono mmoja umeshika usukani na mwingine umeshika gunia.

Na kila asubuhi, kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam, kabla magari ya wizara hayajaanza kupita, vibarua na waashi hutoka Nzuguni na Ihumwa kwa baiskeli kuelekea kwenye ujenzi. Baadhi yao wanakwenda Mji wa Serikali, ambao umejengwa mahali ambapo tangu zamani panaitwa Mtumba. Wanaendesha kwenye ukingo wa lami, wima, bila kuinama. Pima maji, mwiko na chakula cha mchana viko nyuma yao kwenye keria, vimefungwa kwa mikanda iliyokatwa kutoka tyubu ambazo fundi alikataa kuzitia kiraka kingine.